Habari za utafiti zituambie nini kilibadilishwa na nini kilipimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo lililonisumbua kwa miaka yote niliyofundisha fizikia katika shule za sekondari, na ambalo linanisumbua zaidi sasa nikiwa mstaafu mwenye muda wa kulisoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya mwisho. Mara kwa mara nakutana na habari inayoanza kwa maneno "utafiti umebaini", kisha likafuata tamko kwamba chakula fulani huongeza kinga ya mwili, au kwamba mbegu fulani huzaa kuliko nyingine, au kwamba watoto wanaolelewa kwa namna fulani hufaulu zaidi darasani. Nikifika mwisho wa habari, mara nyingi bado sijui watafiti walibadilisha nini, walipima nini, na walihakikishaje kwamba mambo mengine yalibaki sawa katika makundi waliyoyalinganisha. Msomaji asiyepewa mambo hayo matatu hana namna ya kuipima habari yenyewe, na hubaki kuiamini au kuikataa kulingana na anavyolionea jambo hilo tangu awali.

Katika lugha ya utafiti, jambo lolote linaloweza kutofautiana kutoka mtu hadi mtu, kitu hadi kitu au wakati hadi wakati huitwa kigeu. Umri ni kigeu, uzito wa mtoto ni kigeu, kiasi cha mvua ni kigeu, na hata kabila au aina ya udongo ni kigeu. Wako wanaopendelea kusema kibadilika, nami sina ugomvi nao. Ninachoomba ni kwamba tusikiite kigezo, kama nilivyoona kikiitwa katika ripoti kadhaa, kwa sababu kigezo ni kipimo cha kuamulia: kutimiza miaka 18 ni kigezo cha kupiga kura, ilhali umri wenyewe, ambao wewe na mimi hatulingani, ndio kigeu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nimeona wanafunzi wa vyuo wakiandika sura nzima ya tasnifu wakizungumzia vigezo huku walichokipima ni vigeu, na mkanganyiko wa neno ukawa mkanganyiko wa kazi yote.

Tatizo linaanzia shuleni, na mimi ni mmoja wa waliolilea. Katika mtihani wa vitendo wa penduli mwanafunzi huambiwa afunge jiwe kwenye uzi, aanze na urefu wa sentimita 100, apime muda wa jiwe kuyumba mara 20, kisha apunguze urefu wa uzi na kurudia, na mwishowe achore grafu. Hufanya hayo yote kwa ustadi. Muulize kwa nini hakuruhusiwa kubadilisha jiwe katikati ya jaribio, atanyamaza, kwa maana maelekezo yalimfikiria kila kitu. Ameshika kwa moyo kwamba kigeu huru ni kile ambacho mtafiti hukibadilisha kwa makusudi, kwamba kigeu tegemezi ni kile kinachopimwa ili kuona kama kimefuata mabadiliko hayo, na kwamba vigeu dhibitiwa ni vile vinavyoshikwa vibaki palepale. Lakini hajawahi kuamua mwenyewe kipi kiwe kipi. Tena uzito wa jiwe haubadilishi muda wa penduli, na wapo wanafunzi wanaoona kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuudhibiti, wakisahau kwamba tumelijua hilo kwa sababu kuna aliyeuacha uzi na urefu wake akabadilisha jiwe peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi katika maonyesho ya sayansi ya shule moja. Kundi la wasichana wanne lilileta makopo mawili ya maharagwe, moja limewekwa samadi na jingine halikuwekwa. Mche wa kopo lisilo na samadi ulikuwa mrefu zaidi, na kundi lile likahitimisha, kwa sauti ya kujiamini na kwa bango lililoandikwa vizuri sana, kwamba samadi hudumaza maharagwe. Niliuliza makopo yalikuwa wapi kwa wiki zile tatu. Lenye samadi lilikuwa dirishani. Jingine lilikuwa kwenye kona ya stoo kwa kuwa dirisha lilikuwa jembamba. Mche wowote uliokosa mwanga hurefuka kwa haraka ukiutafuta, huku ukiwa mwembamba na wa rangi ya manjano, na ndivyo ulivyokuwa mche ule. Mwanga ulikuwa umebadilika pamoja na samadi, na juu ya hapo walipima urefu, ambao kwa mmea uliofungiwa gizani ni dalili ya shida wala si ya afya. Kama wangekausha miche na kuipima uzito, huenda makopo yangesema jambo jingine. Muda ulikuwa mfupi, waamuzi wenzangu walikwisha kutoa alama nyingi kwa bango, nami sikuwaeleza wale wasichana kosa lilikuwa wapi. Walirudi nyumbani wakiamini kwamba samadi ni mbaya, na huenda baadhi yao wamewaambia wazazi wao. Hilo najutia hadi leo.

Sina mfano mzuri zaidi wa kueleza mambo haya kuliko ule uliozaliwa hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia kwenye jokofu. Siku moja trei zilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliogopa kukosa nafasi, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akayaingiza. Mpemba naye, kwa hofu hiyohiyo, aliyaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walikuta maziwa ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake bado ni kimiminika kizito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezekani.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mwanafunzi aliyeona na mwalimu aliyekataa kuona, na msimulizi huishia hapo. Mimi naomba tukitazame kwa jicho la vigeu. Kilichomshangaza Mpemba kilikuwa na kigeu huru kimoja akilini mwake, yaani halijoto ya maziwa wakati wa kuingia jokofuni, na kigeu tegemezi kimoja, yaani muda wa kuganda. Lakini kati ya trei zile mbili palikuwa na tofauti nyingine ambazo hakuna aliyezikusudia. Maziwa ya mmoja yalikuwa yamechemshwa na ya mwingine yalikuwa mabichi. Kuchemsha hupunguza maji yaliyomo na hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Hatujui kama viwango vilikuwa sawa, wala kama sukari ilikuwa sawa, wala trei ipi iliwekwa sehemu yenye baridi zaidi. Lolote kati ya hayo lingeweza kuleta tofauti ile, na kwa hiyo mtu ambaye angesema siku ileile kwamba imethibitika maziwa ya moto huganda upesi angekuwa amekosea, hata kama kwa bahati angekuwa amesema kweli. Mwalimu alikuwa na haki ya kusema kwamba ushahidi hautoshi. Hakuwa na haki ya kusema kwamba haliwezekani.

Kinachonivutia zaidi ni alichofanya Mpemba baadaye, nacho hutajwa mara chache. Kwanza alimkuta rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, naye rafiki huyo akamweleza kwamba huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Hiyo ilimpa sababu ya kutolisahau swali. Kisha, akiwa amehamia Shule ya Sekondari Mkwawa hapa Iringa, siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Alichukua bika (bilauri za maabara) mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka upesi katika sehemu ya kugandishia ya jokofu la maabara. Aliporudi baada ya saa moja alikuta maji hayajaganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyokuwa na maji ya moto.

Tazama alivyobadilisha jaribio. Maziwa na sukari ameviondoa kabisa, kwa hiyo tofauti za mchanganyiko zimepungua. Vyombo vinafanana, ujazo unalingana, jokofu ni lile lile, na dakika ya kuingiza ni moja. Halijoto ya mwanzo sasa inasimama karibu peke yake. Hakuna kitabu cha mazoezi kilichomwagiza afanye hivyo; alifikiria mwenyewe kwamba kama anataka kujua kazi ya joto, ni lazima yale mengine ayafunge. Hata swali alilomuuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ameitembelea shule ile, lilikuwa jaribio lililokamilika: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo ulio sawa, moja nyuzi 35 za Selsiasi na jingine nyuzi 100, yote ndani ya jokofu moja, kwa nini yale ya nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 30, na sijasikia swali la mwanafunzi lililopangwa vizuri kuliko hilo.

Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi alirudi na jibu kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mpimaji naye ni chanzo cha tofauti: anayejua jibu analolitaka huweza kurudia kipimo mpaka alipate kisha akaacha, bila nia yoyote ya kudanganya.

Matokeo ya Mpemba na Osborne yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Walitumia maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika za sentimita za ujazo 100, na bika wakazikalisha juu ya karatasi nene ya povu lisilopitisha joto. Povu lile ndilo ninalopenda kuwaonyesha vijana. Katika friza yenye theluji sakafuni, chombo cha moto huyeyusha theluji iliyo chini yake, kikagusana na bamba lenye baridi, kikapoteza joto zaidi kupitia chini kuliko jirani yake anayekaa juu ya theluji kavu. Asiyeweka povu anaweza kudhani anapima kazi ya halijoto ya mwanzo, kumbe anapima pia mguso wa chombo na sakafu. Walifunika pia uso wa maji kwa utando wa mafuta na kuona kwamba kuganda kulichelewa sana, ishara kwamba joto lilikuwa likipotea kupitia juu. Wakakokotoa kiasi cha maji kilichopotea kwa mvuke na kukiona ni kidogo mno kuweza kueleza tofauti. Katika majaribio yao muda wa kusubiri barafu ianze ulikuwa mrefu zaidi kwa maji yaliyoanzia karibu na nyuzi 25, na mfupi zaidi kwa yaliyoanzia karibu na nyuzi 90.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wanasayansi wa Uingereza, walichapisha uchunguzi wao na kusema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuleta tofauti ambayo mtu angeidhania kuwa ndiyo ajabu yenyewe. Mtu asiyejua vigeu atasoma habari hiyo na kusema Mpemba amepatikana na kosa. Lakini wale wa 2016 walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, na Osborne alipima muda wa barafu kuanza kuonekana, na hayo si jambo moja, kwa sababu maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakiwa bado kimiminika, kisha yakaganda ghafla. Mpemba mwenyewe, siku ile ya maabara ya biolojia, alitazama kiasi cha barafu baada ya saa moja, ambacho ni kipimo cha tatu. Neno "kuganda" ni moja, vigeu tegemezi ni vitatu, na kila kimoja kinaweza kutoa jibu lake bila kukanusha vingine. Mimi sioni kwamba suala limefungwa, na sioni kwamba heshima ya Mpemba imepungua hata chembe.

Naomba nihame sasa kutoka friza kwenda mahali ambapo makosa ya vigeu hugharimu uhai. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa juu ya kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, kwa lengo la kupambana na upungufu wa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipangiwa kwa bahati nasibu: wengine walipata chuma na foliki, wengine walipata hivyo pamoja na zinki, na wengine walipata kidonge kisicho na dawa. Waliopata chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuhitaji matibabu ya hospitali, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mapema, mwezi Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto.

Kama habari ingeishia hapo, gazeti lingeweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba madini ya chuma ni hatari kwa watoto. Lakini utafiti wa namna hiyohiyo ulifanyika kusini mwa Nepali, na huko vifo havikuongezeka. Dawa ni moja, jambo linalopimwa ni lile lile, majibu ni tofauti. Kilichotofautiana sana kati ya sehemu hizo mbili ni malaria, ambayo wakati ule ilikuwa kali Pemba na haba kule Nepali. Zaidi ya hayo, sehemu ndogo ya watoto wa Pemba walipimwa damu mwanzoni, na wale waliokuwa kweli na upungufu wa madini ya chuma na wa damu walinufaika. Malaria na hali ya damu ya mtoto hapo si kigeu huru wala si kigeu tegemezi. Ni vigeu vinavyoamua athari ya dawa iwe na nguvu gani na ielekee upande gani. Wataalamu wameviwekea jina lao. Mtu wa kawaida anatosheka kuuliza: kwa nani, na katika mazingira gani? Baada ya matokeo hayo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kuhusu kuwapa watoto chuma katika maeneo yenye malaria. Mama aliyesoma tamko la jumla tu, la kusifu au la kulaani, angeweza kumnyima mtoto dawa anayoihitaji au kumpa asiyoihitaji.

Nimesema bahati nasibu, nayo inahitaji maelezo, kwa kuwa huandikwa kwa haraka na kusomwa kwa haraka zaidi. Chukua chandarua. Tukienda kijijini tukahesabu watoto waliougua malaria, pengine tutakuta kaya zenye vyandarua zina wagonjwa wachache. Sehemu ya tofauti hiyo ni kazi ya chandarua, ambacho hupunguza kuumwa na mbu, na kuumwa huko kukipungua ndipo homa hupungua. Kuumwa na mbu ni kigeu cha kati, daraja ambalo athari hupitia. Lakini kaya iliyomudu chandarua huenda pia ndiyo yenye dari, yenye madirisha ya wavu, iliyo karibu na zahanati na yenye nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku. Kipato kimesimama nyuma, kikisukuma chandarua kwa mkono mmoja na afya kwa mkono mwingine. Kigeu cha namna hiyo huvuruga hesabu, na ubaya wake ni kwamba hakionekani katika jedwali mpaka mtu akitafute. Mtafiti anayewagawa watu kwa bahati nasibu huutawanya utajiri na umaskini katika makundi yote mawili, pamoja na mambo mengine ambayo hata hajayafikiria. Ambaye hawezi kugawa, kwa sababu za maadili au za gharama, analazimika kupima mambo hayo na kuyazingatia katika hesabu zake, kisha aseme wazi kwamba huenda lipo lililomponyoka. Habari inayosema wanaokunywa kinywaji fulani huishi zaidi, bila kutuambia watu hao ni akina nani, haijatuambia lolote kuhusu kinywaji hicho.

Liko jambo moja zaidi, dogo kidogo, ambalo nalitaja kwa sababu linajirudia kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Vigeu hutofautiana pia kwa aina ya thamani zake. Uzito huweza kuwa kilo 12 au 12.4, idadi ya watoto katika kaya haiwezi kuwa na nukta, mkoa una jina tu na hauna ukubwa wala udogo. Daraja la ufaulu lina mpangilio, kwani la kwanza liko juu ya la pili na la pili juu ya la tatu, ila hakuna aliyethibitisha kwamba hatua kutoka la kwanza hadi la pili inalingana na hatua kutoka la tatu hadi la nne. Kwa sababu hiyo kujumlisha madaraja ya wanafunzi na kuyagawa ili kupata wastani, kisha kutangaza kwamba shule moja ina wastani wa daraja 2.3 na nyingine 2.6, ni hesabu isiyo na kitu cha kusimamia. Ingetosha kusema ni wanafunzi wangapi walipata kila daraja. Hata halijoto ina mtego wake: maji ya nyuzi 80 za Selsiasi hayana joto mara mbili ya maji ya nyuzi 40, kwa kuwa sifuri ya kipimo hicho iliwekwa pale maji yanapoganda na wala haimaanishi kwamba joto limekwisha.

Ninachokiomba kwako, Mhariri, hakihitaji kurasa za ziada. Mwandishi anayeleta habari ya utafiti aweke sentensi moja ya nini kilibadilishwa au kililinganishwa, nyingine ya nini kilipimwa na kwa kipimo gani, na nyingine ya namna makundi yalivyofanywa yalingane. Kama utafiti ulifanywa kwa panya, au kwa watu wa nchi ya mbali, au kwa watu 20 tu, tuambiwe katika aya za mwanzo na si mwishoni. Mtafiti akishindwa kujibu maswali hayo alipopigiwa simu, hilo nalo ni habari. Naamini waandishi wetu wanaweza, kwa maana wanauliza maswali makali zaidi ya hayo katika habari za siasa na za mpira.

Mimi kwa upande wangu niko tayari kuja chumba chenu cha habari kwa siku mtakayonipangia, bila malipo yoyote, nikiwa na bika mbili, vipimajoto viwili na kipande cha povu, mradi mnipatie friza na umeme usiokatika kwa saa tatu. Nimelirudia jaribio la Mpemba na vidato vingi. Kuna siku maji ya moto yalitangulia, na kuna siku ya baridi yalitangulia. Siku moja tulihamisha bika kutoka upande wa kushoto wa friza kwenda wa kulia, bila kugusa kitu kingine, na matokeo yakageuka. Darasa zima likaacha kuandika na kuanza kubishana ni nini kilichokuwa upande ule. Nitafurahi kuwaona waandishi wakibishana hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Iringa.